Kirikuu, Townace, Hiace au Canter: gari lipi linaitosha kazi ya bustani?

"Nina kampuni ndogo ya bustani hapa Dar es Salaam, mimi na vijana watatu. Tunatunza bustani 14 kila wiki, nyingi ziko Mbezi Beach, Salasala na Goba, na kila mwezi tunapata kazi moja au mbili za kutengeneza bustani mpya kuanzia mwanzo. Mpaka sasa nakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo chenye bodi wazi, na kodi inanimaliza. Akiba yangu inatosha kirikuu taslimu, au Townace nikijibana. Mume wangu anasema nichukue Hiace ya mizigo kwa sababu ina nafasi na inafungwa. Fundi wetu anasema kirikuu ukiongeza springi kinabeba tani moja bila shida. Mwenzangu wa kazi hizi ananishauri nikope ninunue Canter, nisije nikajuta kazi ikikua. Kila mmoja anaongea kwa uhakika. Nimsikilize nani?"

Dada, nimesoma swali lako mara mbili na naona hofu zako ni mbili. Unaogopa kununua gari dogo likafa ndani ya mwaka, na unaogopa kununua gari kubwa likala faida yote ya bustani. Hofu zote mbili ni za kweli, nimeziona zikiwakuta watu. Nimetengeneza na kukagua magari madogo ya mizigo kwa zaidi ya miaka ishirini, na watu wa bustani ni wateja ninaowahurumia sana, kwa sababu mzigo wao unadanganya macho kuliko mzigo wa mtu mwingine yeyote. Muuza magodoro akijaza gari unaona limejaa kweli. Wewe ukipakia udongo, gari linaonekana tupu nusu nzima, kumbe limeshazidiwa zamani.

Basi kabla ya kuzungumza magari, fanya jambo moja kesho asubuhi. Chukua ndoo ya lita 20, ijaze mchanga mkavu, uipeleke kwenye mzani wa duka la nafaka. Utakuta inakaribia kilo 32. Mchanga huohuo ukinyeshewa usiku, ndoo inaelekea kilo 38. Sasa jaza samadi kavu, iliyooza vizuri: itakuwa kilo 8 hadi 10. Samadi mbichi yenye maji inaweza kufika mara mbili ya hapo. Nyasi zilizokatwa leo, bila kushindiliwa, ni kilo 4 au 5 tu. Ndoo ni ileile na nafasi ni ileile, lakini mzigo mmoja ni mzito mara saba kuliko mwingine. Ndoo 50 za lita 20 ndizo mita moja ya ujazo, kwa hiyo kila namba uliyoipata ukiizidisha kwa 50 utajua uzito wa mita nzima ya kitu hicho. Andika namba hizo kwenye daftari. Daftari hilo litakusaidia kuliko maneno yangu na ya fundi wako.

Sasa tukitazame kirikuu. Suzuki Carry na wenzake, Daihatsu Hijet, Honda Acty, Subaru Sambar, wametengenezwa kwa sheria moja ya Japani: injini isizidi sentimita za ujazo 660, urefu usizidi mita 3.40, upana usizidi mita 1.48, na mzigo usizidi kilo 350. Bodi ya nyuma ina urefu wa kama mita 1.94 na upana wa mita 1.41, na ubao wa pembeni unasimama sentimita 29 hivi. Piga hesabu: ndani ya ubao huo zinaingia ndoo karibu 40. Ndoo 40 za mchanga mkavu ni tani moja na robo. Lakini mzigo halali wa gari hilo ni ndoo 11. Ukizisambaza ndoo 11 sawasawa kwenye bodi, mchanga unapanda sentimita 8 tu kutoka sakafuni, upana wa kiganja cha mkono bila kidole gumba. Hakuna kijana wa kazi anayeweza kuona bodi ina mchanga wa kiganja kimoja akaamini kwamba gari limejaa. Atapakia hadi ubao, na hatakuwa na nia mbaya.

Hapo ndipo lilipo kosa la fundi wako, na nalisema kwa heshima maana mafundi wengi wanaamini hivyo. Kuongeza jani la springi kunafanya gari lisiiname. Hakufanyi lolote zaidi ya hilo. Breki zinabaki zilezile, beringi za magurudumu ya nyuma zilezile, ekseli ileile, klachi ileile, tairi zilezile. Kirikuu kitupu kina uzito wa kama kilo 700. Weka watu wawili na kilo 350, inakuwa kama kilo 1,160, na breki zake zilipimwa kwa uzito huo. Weka tani moja na robo, unafika zaidi ya kilo 2,000. Unaposhuka mlima wa Goba na uzito huo, breki zinatakiwa kumeza karibu mara mbili ya joto zililotengenezewa. Zikishapata moto kupita kiasi zinapoteza nguvu, unakanyaga na gari linaendelea. Na kuinama ndiyo ilikuwa alama pekee ya kukuonya kwamba umezidisha. Springi mpya imeificha. Nimewahi kupokea kirikuu cha mtu wa bustani kilichokuja kwenye gereji kikiburutwa, beringi ya nyuma imeungua hadi imeshikana na ekseli. Springi zake zilikuwa nzima kabisa.

Mumeo naye ana hoja, nisimpuuze. Kwa uzito peke yake, Hiace ya mizigo inatosha kazi yako vizuri, nyingi zinabeba kuanzia tani moja hadi tani moja na robo zikiwa na viti vya mbele tu, na hupungua ukiwa na safu ya pili ya viti. Na kweli inafungwa. Mashine zako haziibiwi ukiwa ndani kwa mteja unapiga hesabu naye. Kama kazi yako ingekuwa kutunza bustani tu, kukata nyasi, kupogoa, kupiga dawa, ningekuambia mumeo yuko sahihi na tungemaliza hapo. Lakini wewe unabeba samadi, udongo na miche pia. Udongo ndani ya gari la kufungwa unaupakua kwa beleshi ukiwa umeinama, na unyevu wake unakula sakafu ya bati kutoka ndani, mahali usipopaona. Kwenye Hiace yenye paa la kawaida, kimo cha ndani, sakafu hadi paa, ni kama mita 1.3, kwa hiyo mnazi mchanga au mtende wa mapambo wa mita 2 utalazwa, na majani yatavunjika. Na kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi: mashine za kukatia nyasi zina petroli. Gari likiwa limefungwa juani pale Mbezi saa nane mchana, mvuke wa petroli unajaa humo humo mnamokaa watu. Viuatilifu vivyo hivyo. Ukiichagua Hiace, lazima pawe na ukuta wa bati kati ya viti na mizigo, na ukuta huohuo ndio utakaozuia reki na mapanga yasiruke mbele siku ya kushika breki ghafla.

Kuhusu Canter nitasema kwa kifupi. Ni gari zuri, linabeba tani 2 hadi 3 kutegemea aina, lakini wewe ungeijaza mara mbili kwa mwezi na siku nyingine zote ungeendesha chuma kitupu, ukinunua tairi sita na dizeli ya kuivuta. Uzito wake wa jumla kwa kawaida unavuka tani 3.5, na kuanzia hapo unaingia kwenye sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019. Maana yake ukifuata samadi nje ya jiji utapita kwenye mizani ya TANROADS, wakala wa barabara, kama malori mengine. Tena fikiria hili: mchanga, kokoto na udongo wa kujazia, vile vitu vizito kabisa, wauzaji wenyewe wanavileta kwa tripu hadi getini kwa mteja. Huna sababu ya kununua gari kwa ajili ya mzigo ambao mwingine tayari ana gari lake na anataka kuuleta.

Kinachobaki mikononi mwako ni vifaa, samadi, miche, na takataka za bustani. Hebu tuvipime. Siku ya kawaida ya kutunza bustani: mashine mbili za kukatia nyasi kilo 60, mbili za kufyekea kilo 16, toroli, ngazi, majembe, reki, mpira wa maji na petroli kama kilo 85. Jumla 160 hivi. Ongeza viroba 6 vya samadi yenye unyevu, kila kimoja kilo 40, hiyo ni 240. Umefika kilo 400, na kirikuu kilishasema basi kwenye 350. Na hiyo ni siku ya kawaida, siku nyepesi! Siku ya bustani mpya: viroba 10 vya samadi kilo 400, miche 40 kwenye viriba vikubwa vyenye kama kilo 6 kila kimoja, 240, na vifaa kilo 100. Jumla 740.

Kwa namba hizo jibu langu ni Townace ya bodi wazi, au ndugu zake wa kimo hicho kama Nissan Vanette na Mazda Bongo. Kwa kawaida zinabeba kati ya kilo 750 na tani moja, kutegemea toleo. Siku yako ya kawaida itakuwa karibu nusu ya uwezo wake, na siku yako nzito itaingia bila kuivunja. Gari linalofanya kazi nusu ya nguvu zake siku nyingi ndilo linalodumu. Kwa upana linapita kwenye mageti mengi ya nyumba zetu, na kwenye vichochoro vya Goba vilivyochimbika wakati wa masika litakupa shida ndogo kuliko Canter. Tafuta yenye mbao zinazofunguka pande zote tatu, mgongo wa vijana utakushukuru. Fungia sanduku la chuma lenye kufuli mara tu nyuma ya kibini (chumba cha dereva), ukilikaza kwa bolti kwenye chasisi, na hoja ya mumeo ya wizi umeijibu kwa sehemu kubwa.

Takataka za bustani nazo zitakushawishi kutamani gari kubwa, kwa sababu matawi yanajaa haraka. Lakini matawi ni mepesi. Unachohitaji ni kuinua pembeni kwa wavu wa chuma unaochomekwa na kutolewa. Ila nakuonya: ukiinua pembeni, kuna siku mtu atapakia udongo hadi juu ya wavu. Dawa yake nimeiona kwa mteja wangu mmoja na tangu hapo naifundisha kila mahali. Alichukua rangi nyeupe akachora mistari ndani ya bodi. Wa chini kabisa aliuandika "mchanga", wa katikati "samadi", na majani yaende juu yatakavyo. Kwa Townace yenye sakafu ya mita za mraba 3.6, kilo 700 za mchanga mkavu zinaishia sentimita 12 kutoka chini. Pima bodi yako, tumia namba za ndoo zako, chora mistari yako mwenyewe. Kijana asiyejua hesabu yoyote ataujua mstari.

Na mzigo mzito ukae wapi? Karibu na kibini, mbele ya ekseli ya nyuma. Viroba vya samadi vikirundikwa mkiani, gari linakuwa kama mtoto aliyekaa mwisho wa mchezo wa kupandishana: mkia unashuka, pua inainuka. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya breki, sasa hayashiki barabara vizuri. Dereva anahisi usukani umekuwa mwepesi, anafurahi, kumbe ni hatari. Ukibeba simtanki la maji, lijaze kabisa au liache tupu. Lita 500 ni nusu tani, na tanki la nusu linarusha maji upande mmoja kwenye kona wakati gari linataka kwenda upande mwingine.

Kuna gharama moja ambayo Townace haikuondolei, na sitaki uigundue baada ya kulipa. Kibini kina viti viwili, baadhi vitatu, na nyinyi mko wanne. Tafadhali usiwapandishe vijana juu ya mizigo. Najua kila mtu anafanya hivyo. Mtu aliyekaa juu ya viroba hana cha kushika gari likipiga breki, amezungukwa na mapanga na majembe, na siku ya ajali bima inaweza kukataa kumlipa. Weka nauli ya daladala au bodaboda ya vijana wawili kwenye bei unayompa mteja, tangu sasa, kama unavyoweka petroli. Kuna magari ya kibini mbili, lakini yanakata bodi karibu nusu, na kwa kazi yako bodi ndiyo mali.

Miche nayo ina jambo lake, ambalo wauza magari hawalijui. Jani la mche kwenye gari la wazi linalokwenda kilomita 60 kwa saa linapigwa na upepo mkavu unaovuta maji kupitia majani upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyarudisha. Mche unafika umesimama, unaupanda, siku ya nne unakauka, na mteja anasema umemuuzia mche mbovu. Mwagilia kabla ya kupakia, funika kwa neti ya kivuli badala ya turubai la plastiki linalopika majani, na safiri asubuhi. Kwa miche peke yake gari la kufungwa lina nafuu, mradi usiliache juani.

Je, kirikuu ni kosa moja kwa moja? Hapana. Kama siku nyingi una vijana wawili, mnatunza bustani bila kupeleka samadi, na bustani mpya unakodi gari, kirikuu kitakutumikia vizuri kwa petroli kidogo, na akiba itakayobaki itanunua mashine nzuri. Wako wanaofanya hivyo na wanalala usingizi. Lakini lazima uwe mtu wa kusema "kilo 350" na kusimamia hapo, hata kijana akikuangalia kwa mshangao. Ukijijua kwamba siku ya haraka utasema "leo tu", nunua Townace.

Ukienda kutazama gari, nenda na fundi unayemlipa wewe, asiwe wa muuzaji. Alale chini na tochi. Atazame chasisi pale springi za nyuma zinapofungwa, kama kuna ufa au mahali palipochomelewa na kupakwa rangi mpya. Rangi nyeusi inayong'aa chini ya gari la miaka 15 inahitaji maelezo. Mteja wangu mmoja alinunua gari lililopakwa hivyo, miezi mitano baadaye bodi ikapinda ikiwa na miche tu, na tulipokwangua rangi tukakuta chasisi ilikuwa imekatika na kuungwa zamani. Atazame kutu kwenye sakafu ya kibini, maana hewa yetu ya chumvi haisamehi. Asome ubavu wa tairi: kwenye kirikuu tafuta maandishi kama 145R12 6PR, ambayo ni tairi ya mzigo, na kwenye Townace pia zisiwe tairi za gari dogo la abiria zilizofungwa kwa sababu ni rahisi. Halafu lijaribu likiwa na mzigo. Mwombe muuzaji mpakie viroba kumi, mpande nalo mlima na kushuka. Klachi inayoteleza na breki zinazovuta upande mmoja hujificha gari likiwa tupu. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kwenye kadi ya gari angalia uzito wa gari tupu na uzito wa jumla. Tofauti yake ndiyo watu pamoja na mzigo, na namba hiyo ina nguvu kuliko namba yoyote niliyokupa hapa, kwa sababu ni ya gari lako. Bima uikate kwa matumizi ya biashara, na umweleze wakala wazi kwamba unabeba vifaa na miche ya kazi yako. Bima ndogo ya gari la binafsi haitakusimamia. Kabla ya kulipa, pita TRA (mamlaka ya mapato) na LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) uulize ana kwa ana ushuru na leseni zinazohusu gari hilo kwa kazi hiyo, ubebe na nakala ya kadi. Deni la faini za barabarani liangaliwe pia, lisije likahamia kwako pamoja na funguo.

Na wiki ya kwanza ukishalipata, lipeleke kwenye mzani mkubwa. Wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu wanao, ongea nao vizuri. Lipime tupu, halafu lipime siku ya bustani mpya kabla hamjaondoka kwenda kazini. Kisha simamisha magurudumu ya nyuma peke yake juu ya mzani, uone ekseli ya nyuma imebeba kiasi gani. Ukikuta siku zako nzito zinapita uwezo wa gari hata baada ya mchanga na kokoto kuletwa na wauzaji, niandikie tena ukiwa na namba hizo, maana hapo tutakuwa tunazungumza gari jingine.